Mkata Kucha wa Jirani

Katika mtaa ule wa chini ya mteremko, nguo zilianikwa kwa kufuata pumzi. Jirani alipovuta pumzi, mapazia yote yalinyonywa kuelekea mlimani. Alipoishusha, joto lilimwagika barabarani kama mtu kafungua mlango wa tanuri la mikate, na shuka lililokuwa likichuruzika maji likakauka kabla mwenyewe hajamaliza kusuuza la pili. Milango yote ilifunguka kwa ndani. Mabati yalipigiliwa misumari mara mbili ya kawaida. Filimbi haikupigwa, na mtoto aliyejisahau akaipiga alikaripiwa na mtu mzima yeyote aliyekuwa karibu, awe mzazi wake au asiwe.

Jirani hakuwa mtu. Alikuwa mmoja wa wakongwe wanne waliolala mlimani juu ya mji, kila mmoja na ukubwa wa ghala, ngozi yao kama magome ya mti mkavu, macho yao ya manjano yakifumbuka kwa nadra. Walikuwa na majina yao wenyewe, lakini jina la mkongwe huchukua karibu robo saa kulitamka na humtoa damu puani anayelisikiliza hadi mwisho, kwa hiyo watu waliwaita walivyowazoea. Huyu wa upande wa mashariki, ambaye mkia wake uliishia nyuma ya safu ya juu ya nyumba, aliitwa Jirani. Angetaka, angeumaliza mji kwa asubuhi moja. Wazee walimkumbuka mwenzake aliyejigeuza usingizini miaka mingi nyuma, akakilalia kiwanda cha ngozi kikawa bapa. Wala hakuamka.

Watu na wakongwe waliishi kwa Mkataba. Hapo zamani miamba ya kilele ndiyo iliyozipunguza kucha za wakongwe, walipoiparamia na kujikwangua. Watu walipoivunja miamba ile wakajengea mji, kucha zikaanza kukua bila kikomo, zikajikunja, zikawachoma wenyewe nyayo. Ilibaki kidogo pawe na vita. Ndipo wakapatana: wakongwe walale kwenye mteremko waushikilie udongo kwa uzito wao, kwa kuwa bila miamba mlima ulikuwa umebaki tope linalosubiri mvua, na watu nao wawakate kucha. Mwishoni watu wakaongeza kifungu kimoja, kwamba ukucha wa mkongwe usizidi urefu wa mkono wa mtu mzima. Hicho kilitokana na hofu tu. Wakongwe hawakukipinga, nadhani kwa sababu hawakuona tofauti.

Aliyezikata kucha za Jirani alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mmoja aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Mama Tupa, kutokana na tupa ndefu ya chuma aliyotembea nayo begani kama wengine wanavyotembea na mwavuli. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na viganja vyake vilikwaruza kiasi kwamba mama mkwe wake hakumruhusu kukunja kitambaa chochote chenye thamani. Kazi aliirithi kwa baba yake, ambaye aliifanya mpaka siku Jirani alipopiga chafya na msumeno ukaondoka na vidole vyake vitatu. Mzee yule hakulalamika. Alisema Jirani alimwomba radhi, na ni watu wangapi hapa mjini wanaoweza kujivunia hilo?

Binti akaushika msumeno akiwa na miaka kumi na sita. Baadaye akaolewa na fundi viatu, mtu aliyeweza kukaa juu ya kigoda kimoja na buti moja tangu asubuhi mpaka jua linazama, midomo imebana misumari, asiseme neno. Watu walitania kwamba Mungu alipokuwa akiwagawia utulivu hao wawili, mkono ulimteleza wote ukamwagikia mume. Mama Tupa hakumaliza kikombe cha chai akiwa ameketi hata siku moja. Aliinama kuokota kitu, akainuka kufunga dirisha, akatoka kuangalia kama mvua itanyesha, akarudi kuuliza alikuwa anafanya nini.

"Mkwe wangu," mama mkwe alikuwa akimwambia, "hicho kiti kina misumari?"

"Hapana, mama."

"Basi kikalie. Hakiumi."

Na kwa kweli, mtu aliyezoea kufanya kazi chini ya unyayo wa mkongwe hujifunza kutosimama mahali pamoja. Lakini mwaka huu ninaousimulia, kutotulia kwake kulikuwa kwa namna nyingine.

Kazi ilikuwa kila baada ya miezi mitatu, siku nne mfululizo: mbili za miguu ya mbele, mbili za nyuma. Ukucha mmoja ulikuwa mnene kama nguzo ya mlango, ukikatwa kwa msumeno wa watu wawili. Ncha ya pili ya msumeno aliishika bintiye, msichana wa miaka ishirini na minne, mwepesi wa akili na wa ulimi, aliyepata cheti chake cha ukataji mwaka uliopita kutoka Ofisi ya Ujirani, ile iliyosimamia Mkataba. Ofisini walimtazamia makubwa. Walimwambia baada ya miaka miwili atakuwa mkaguzi. Siku alipopokea cheti, baba yake alimshonea buti za ngozi zenye soli nene ya tabaka tatu, kwa kuwa kanuni mpya ya Ofisi ilikataza watu kupanda mlimani peku. Mama Tupa alizisifu buti. Yeye mwenyewe hakuvaa. Wakataji wa zamani walifanya kazi miguu mitupu, na walikuwa na sababu yao.

Siku ya tatu, kwenye mguu wa nyuma wa kushoto, Mama Tupa aliona jambo ambalo halikumpendeza. Kucha zilikuwa zimelika upande wa ndani, kama visu vilivyonolewa vibaya, na katika mifereji yake palikuwa na udongo wa manjano. Udongo wa mteremko ni mwekundu, huchafua kila soksi mtaani. Wa manjano hauonekani juu. Wachimba visima hukutana nao wakishateremka kiasi cha watu wanne waliosimamiana mabegani. Aliukwangua kwa kidole, akaunusa. Ulikuwa mbichi.

Akaweka msumeno juu ya ukucha. Walikuwa hawajavuta mara mbili alipoisikia sauti. Sauti ya mkongwe haipitii masikioni. Hupanda kutoka ardhini kupitia nyayo, ikatetemesha mifupa ya miguu.

"Huo uache."

Akauinua msumeno. Kwa miaka thelathini na mitano alikuwa amezungumza na Jirani labda mara ishirini, na nyingi zilikuwa habari za ukucha unaouma.

"Unauma?" akauliza.

"Hauumi. Ninashikia."

"Unashikia nini?"

Jirani akashusha pumzi. Huko chini mtaani nguo zikapepea zote kwa pamoja.

"Mlima. Maji yamepita chini yake, yameulegeza. Nimeukanyagia tangu mvua zilipokwisha. Nikilegeza, unateremka."

"Utaushikilia mpaka lini?"

"Sijui. Nimechoka. Nahitaji kucha za nyuma."

Binti alikuwa bado ameshika ncha yake ya msumeno, amemkodolea mama yake macho.

"Mama, unaongea na nani?"

"Hukusikia?"

"Nisikie nini?"

Mama Tupa akazitazama zile soli za tabaka tatu.

Hawakuzikata kucha za nyuma siku hiyo. Mama Tupa alijaza fomu kwa mkono wake: mbele zimekatwa, nyuma hazijakatwa, sababu mkongwe anashikilia mlima. Akaipeleka mwenyewe Ofisini kwa mkuu, mtu mwembamba, mpole, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Mihuri kwa sababu alikuwa na mihuri kumi na minne mezani na aliipanga kwa urefu.

Bwana Mihuri aliisoma fomu mara mbili. Hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumjibu.

"Kaa basi, mama."

"Nimeshakaa," akasema Mama Tupa, akiwa amesimama dirishani.

"Tuna vigingi ishirini kwenye mteremko. Vinapimwa kila Jumatatu. Havijasogea hata unene wa ukucha. Wako wewe, siyo wake."

"Havijasogea kwa sababu anaushika."

"Au havijasogea kwa sababu mlima hauendi popote." Akavua miwani. "Sikudharau. Lakini nifikirie na mimi. Mkongwe akitaka kucha ndefu, atasema nini? Atasema anazihitaji. Watu wanahesabu kucha zile kutoka madirishani. Leo zimezidi kidogo, kesho zimezidi sana, keshokutwa kuna wapumbavu wamepanda na mienge, na mimi nina vita mkononi. Mara hii hatutapona."

"Njoo mwenyewe upande. Uvue viatu usikilize."

"Kanuni hairuhusu kuvua viatu."

"Kanuni umeiandika wewe."

Akatabasamu kwa haya, akakiri kwamba ni kweli. Akaahidi kulifikiria kwa siku saba. Mama Tupa akateremka ngazi za Ofisi moyo ukimdunda kana kwamba amezipanda.

Siku saba hazikufika. Siku ya pili watu wa safu ya juu walianza kunong'ona. Siku ya tatu ujumbe ukaja nyumbani, umefungwa kwenye bahasha, wala haukuwa wa Mama Tupa. Ulikuwa wa binti. Aliagizwa apande kesho yake na wasaidizi wawili wa Ofisi akamilishe kazi iliyobaki. Mama yake, ujumbe ulisema kwa lugha laini, alistahili mapumziko.

Walikuwa mezani, wanakula cha mchana. Fundi viatu aliweka kijiko chini.

"Hutakwenda," Mama Tupa akasema.

"Mama, ni kazi yangu. Nina cheti."

"Cheti hakikuwa chini ya mguu wake. Mimi nilikuwepo."

"Na mimi nilikuwepo! Nilikuwa hatua tatu kutoka ulipo, sikusikia kitu. Vigingi havijasogea. Unataka niamini nini?"

"Ule udongo wa manjano uliuona."

"Niliuona. Wakongwe wanajikuna, mama. Wanachimbachimba. Wewe mwenyewe ndiwe uliyenifundisha." Sauti ya binti ikapungua. "Usiku wa jana hukulala. Na wa juzi. Baba anasema unazunguka nyumba kama mtu aliyepoteza ufunguo. Labda umechoka tu."

Mama Tupa alimgeukia mumewe, lakini mumewe alikuwa akitazama sahani. Alikuwa mtu wa haki, na hakujua haki iko wapi. Mama mkwe peke yake ndiye aliyesogeza kiti nyuma, akajiinua kwa fimbo yake.

"Mimi nafungasha," bibi huyo akasema. "Nimemjua huyu miaka ishirini na saba, hajawahi kutulia. Lakini hajawahi kunidanganya."

Mchana huohuo Mama Tupa alianza kupita nyumba hadi nyumba. Hakujua kubembeleza. Alibisha hodi, akaeleza kwa maneno machache, akaondoka kabla hajakaribishwa kiti. Waliomjua baba yake walimsikiliza. Wengine walimcheka kwa adabu, wengine bila adabu. Mwanamke mmoja alimwuliza kama Jirani amemwambia pia lini mafuta ya taa yatapatikana. Kesho yake asubuhi familia kumi na moja zilikuwa zimehamia kwa ndugu zao ng'ambo ya mji, na Mama Tupa alikuwa bado anabisha milango, sauti imekauka.

Mlango aliouacha mwisho ulikuwa wa nyumba ya pembeni kabisa, safu ya juu, ya mzee aliyeitwa Kapteni. Hakuwahi kuwa kapteni wa chochote. Alivaa tu kofia ya aina hiyo tangu ujana wake. Alikuwa rafiki wa baba yake, na alifuga njiwa wapatao arobaini katika vizimba alivyovijenga kwa mbao za masanduku.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia. Umeutangazia mtaa mzima, ukaniacha mimi wa mwisho?"

"Nilijua utanichelewesha."

Kapteni akacheka mpaka akakohoa. Alimwuliza maswali mawili, yote ya maana: sauti ilitoka mguu gani, na udongo ulikuwa mbichi au mkavu. Akatikisa kichwa taratibu.

"Baba yako angehama. Basi na mimi nahama. Lakini siwezi kuwabeba hawa mikononi. Mpwa wangu analeta matenga kesho asubuhi. Nikishawapakia, nakuja kwenu, tutagombania kigoda na mumeo."

"Hama leo, baba. Njiwa tutawafuata."

"Kesho asubuhi," akasema Kapteni. "Umeniambia anashika. Na aushike mpaka kesho."

Mama Tupa akakubali. Alikuwa amechoka kubishana, na tena ilikuwa nafuu kumpata mtu aliyemwamini. Alikuwa njiani kurudi nyumbani alipomkuta mama mkwe wake amesimama katikati ya barabara na fimbo, amepigwa na jua, anahema.

"Ameshapanda," bibi akasema. "Nilijaribu kumzuia mlangoni. Amenibusu, akapita."

Mama Tupa alikimbia. Njia ile ya mlimani ilikuwa na ngazi mia mbili na kumi, na hakumbuki hata moja. Alipofika nyuma ya kisigino cha Jirani aliwakuta wasaidizi wawili wa Ofisi wamerudi nyuma, midomo wazi, na binti yake amesimama na msumeno mkononi. Ukucha mmoja, ule wa nje kabisa wa mguu wa kushoto, ulikuwa umelala chini, umekatwa sawasawa, kazi safi. Binti alikuwa ameinua uso. Juu yao, kwa mara ya kwanza mchana kweupe tangu yeye azaliwe, jicho la Jirani lilikuwa limefumbuka lote, la manjano, linawatazama.

"Mama, amenitazama," binti akasema. "Hajasogea. Amenitazama tu."

"Vua viatu."

"Mama..."

"Vua."

Akakaa chini, akafungua kamba, akazivua buti alizoshonewa na baba yake. Akaweka nyayo kwenye udongo. Mama Tupa aliuona uso wa mwanawe ukibadilika, kwa sababu wakati huohuo na yeye aliisikia, siyo maneno kwanza, bali mguno mrefu wa mtu aliyebeba mzigo unaomzidi. Inaelekea ulikuwa pale muda wote.

"Waambie watoke," Jirani akasema. "Nawapa pumzi kumi na mbili."

Kila mtoto wa mji ule hufundishwa shuleni kuhesabu pumzi za mkongwe, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba siku moja zitamfaa. Wasaidizi wa Ofisi walitimua mbio kushuka huku wakipiga kelele za namba. Mama Tupa alimnyang'anya mmoja wao filimbi ya shingoni alipokuwa akimpita, filimbi ya hatari ambayo Ofisi iliwagawia watumishi wake na kuwakataza kuipuliza, akaipuliza. Hiyo ndiyo iliyowatoa watu. Maneno yake yalikuwa yameshindwa siku nzima, lakini filimbi mtaani kwao ilikuwa jambo lisilosikika, na kila mlango ulifunguliwa kwa ndani kwa wakati mmoja. Binti aliingia nyumba baada ya nyumba peku, akatoa watu kwa kuwavuta. Fundi viatu alionekana akimbeba mama yake mgongoni, na bibi akimwelekeza njia kwa fimbo.

Kwenye pumzi ya tisa safu ya juu ilikuwa tupu. Kwenye ya kumi Mama Tupa alimwona Kapteni barabarani, kofia kichwani, akiwa salama, akashukuru. Kwenye ya kumi na moja akamtafuta tena, hakumwona. Alipoinua macho juu ya mapaa, njiwa walikuwa wakitoka, watano, kumi, kisha wote, kama mtu anayefungua vizimba kimoja kimoja bila haraka.

Ile ya kumi na mbili hakuna aliyeisikia.

Mlima haukuanguka kama ukuta. Ulitembea. Mteremko wote wa mashariki uliteleza pamoja na vichaka vyake vilivyosimama wima, ukaisukuma safu ya juu ya nyumba juu ya safu ya pili, mbao zikilia. Ungeumeza mtaa mzima, na mtaa uliofuata, kama Jirani asingejitupa mbele yake. Aliteremka na udongo, ameupa mgongo, kucha zake nne zilizobaki mguu wa kushoto zikichimba, na mbili ziling'oka kabisa. Aliposimama, tope lilikuwa limesimama nyuma yake, na kidevu chake kilikuwa kimelala juu ya kisima cha shule. Watu walikaa barabarani, wamepakwa vumbi jekundu na la manjano, wanahesabiana. Aliyekosekana alikuwa mmoja.

Walimpata Kapteni siku ya pili. Kofia ilikuwa mkononi.

Bwana Mihuri aliandika kila kitu kama kilivyotokea, pamoja na jibu lake mwenyewe kuhusu vigingi, akapiga muhuri, akaibandika karatasi mlangoni pa Ofisi kila mtu asome, kisha akajiuzulu. Kifungu cha urefu wa ukucha kilifutwa. Kanuni ya viatu ilifutwa. Watu waliomcheka Mama Tupa walimletea sukari, na yule aliyeuliza mafuta ya taa alilia mlangoni pake mpaka ikabidi abembelezwe yeye.

Binti hakupanda tena mlimani. Alikaa dukani kwa baba yake, akakata ngozi, akapaka gundi, wiki baada ya wiki, kimya. Mama Tupa angeweza kuvumilia kelele yoyote kuliko ukimya ule. Siku moja, wakiwa wawili jikoni, binti alisema bila kugeuka:

"Nisingeukata ule mmoja, mlima ungekuja?"

"Ungekuja tu."

"Unajua, au unanipaka mafuta?"

Mama Tupa alitoka kuangalia kama mvua itanyesha. Kesho yake alfajiri kulipokucha alikwenda mwenyewe kwa Jirani, ambaye sasa alilala chini bondeni, vidonda vyake vimeanza kukauka. Alisimama peku karibu na unyayo ule. Akauliza.

Jirani alifikiri kwa pumzi nzima.

"Ungekuja tu," akasema. "Nilikuwa nimechoka."

"Lini?"

"Siku mbili baadaye. Labda tatu."

Alisimama pale mpaka jua likamchoma kisogo. Kesho asubuhi, Kapteni alikuwa amesema. Matenga yalifika kweli asubuhi ile. Mpwa wake aliyaburuta mpaka penye tope, akayaacha.

Aliporudi, binti alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, anamsubiri. Alikuwa amekisia alikotoka.

"Amesemaje?"

"Amesema ungekuja tu. Alikuwa amechoka."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Binti aliinamisha kichwa juu ya magoti, akalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na mama yake alimshika mabega kwa viganja vyake vinavyokwaruza. Wiki iliyofuata alirudi kazini. Alipanda peku, akiwa mwangalifu, akausikiliza kila ukucha kabla ya kuugusa, na watu wanasema amekuwa mkataji bora kuliko babu yake.

Mama Tupa naye amekuwa msemaji. Zamani walikata kutwa nzima bila maneno kumi. Siku hizi, tangu msumeno unapowekwa mpaka unapoondolewa, mama huyu haachi kuongea. Anasimulia bei ya sabuni, ugomvi wa sokoni, ndoto aliyoota, habari za watu ambao wote wawili hawawajui. Binti humwambia apumzike, hata Jirani mwenyewe ameuliza ana nini. Yeye hacheki wala hajibu, anaongeza mwendo. Jirani hasemi uongo, wala haoni kwa nini jambo lifichwe, na binti siku hizi ana masikio kwenye nyayo. Likitokea pengo dogo tu la kimya, anaweza kuuliza swali.